Karatasi Zilizopita Mikononi Mwangu

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye huenda hatujawahi kukutana: aliyenunua kiwanja chenye maji, akaambiwa na wanaojua kwamba maji yale yana kazi yake, akatia pamba masikioni. Mimi nilikuwa hivyo kwa miaka. Mungu alinitoa huko, na katika kunitoa aliwatumia wanasayansi wa mataifa mengi ambao wengi wao sitawaona kamwe, na mama mmoja mjane wa Kinawataka ambaye sikustahili hata salamu yake. Nitasimulia tangu mwanzo.

Nilikulia kambi ya polisi ya Naguru, jirani na Ntinda. Baba alikuwa askari, mwenyeji wa Arua, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha pale kambini, maana kila nyumba ilikuwa na kabila lake. Tulipokuwa watoto tulishuka bondeni Kinawataka kuvua kambare na kukata mafunjo ya kujengea vibanda vya kuchezea. Maji ya mvua ya Ntinda, Kyambogo, Banda na Nakawa huteremkia katika bonde hilo, kisha huenda hadi upande wa Luzira na kuingia Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Hilo tulilijua kwa miguu yetu. Kwamba ghuba hiyohiyo ndiko yanakochotwa maji ya bomba ya Kampala, kule Ggaba, hatukuambiwa na mtu, na nilipokua sikujishughulisha kuuliza.

Mwaka 2009 nilifungua duka la fotokopi Ntinda, karibu na barabara ya Kimera. Wenyeji wa mtaa wanajua kilichoko barabara hiyo: Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mtu yeyote anayetaka kufanya utafiti Uganda, awe ametoka Uppsala au Mbale, huomba kibali hapo. Siku hizi maombi hupitia mtandaoni, lakini wakati ule yalikuwa makaratasi, tena mafungu kwa mafungu: andiko la utafiti, barua ya taasisi ya hapa nchini inayompokea mtafiti, nakala ya pasipoti, stakabadhi ya benki. Walikuja kwangu wakihema kwa sababu ofisi ilikuwa karibu kufungwa na imepungua nakala moja. Nilifanya biashara nzuri. Nililipa kodi ya pango, nikasomesha wadogo zangu wawili.

Watu hao walikuwa wakichunguza vyura wa Bwindi, sokwe wa Kibale, popo, konokono, samaki wadogo wa ziwani ambao wengi wao sangara aliwamaliza. Mimi niliwaita watu wa vipepeo. Nilikuwa na maoni mawili juu yao, na sikuona kwamba yanapingana. La kwanza, kwamba wanapoteza fedha ambazo zingejenga zahanati. La pili, kwamba wanakuja kutuibia miti shamba yetu na kuiuza kwao. Nilikuwa nikiyasema hayo kwa sauti dukani, wao wenyewe wakiwa wamesimama pale wakisubiri.

Ile hofu ya pili haikuwa ya bure. Afrika imechukuliwa vitu vingi bila kuulizwa, na ndiyo maana Uganda ilitunga kanuni mwaka 2005 zinazosema kwamba hakuna anayeruhusiwa kuchukua mmea, mdudu au hata mbegu kwa ajili ya utafiti bila idhini ya wenye nayo na bila mkataba wa jinsi faida itakavyogawanywa. Mamlaka inayotoa ruhusa hiyo ni baraza lilelile la barabara ya Kimera. Mwaka 2014 Itifaki ya Nagoya ilianza kutumika duniani na Uganda ikawa miongoni mwa nchi zilizojiunga. Hiyo mikataba ya kusafirisha sampuli nje ya nchi niliitoa kopi kwa mikono yangu. Niliihesabu kurasa, nikaibana pini, nikapokea hela. Ilipita mikononi mwangu kinga niliyokuwa nalia kwamba haipo, na sikusoma hata mstari.

Mwaka 2012 nilinunua kiwanja Kinawataka, chini ya kilima cha Mbuya. Bei ilikuwa ya kushangaza. Dalali alinionyesha mafunjo yaliyosimama hadi mwisho wa kiwanja akaniambia, "Dada, hayo maji ni ya msimu tu. Mwaga udongo, shindilia, jenga." Nilikuwa na karatasi ya mauziano yenye muhuri na sahihi za mashahidi, na kwangu karatasi yenye muhuri ilikuwa ndiyo ukweli. Sikujua kwamba Katiba ya 1995, katika ibara ya 237, imeweka maeneo oevu mikononi mwa serikali kama amana ya wananchi wote. Pengine ningejua nisingejali. Nataka kusema kweli: niliyaona maji, na nilijua maji hayaji mahali bila sababu.

Nikaleta udongo mwekundu, lori baada ya lori. Mafunjo hayafi upesi. Unayakata, unayafukia, na baada ya majuma machache ncha za kijani zinachomoza kwenye ukingo wa kifusi. Nilimlipa kijana awe anazing'oa. Kisha nikachukua mkopo, nikajenga vyumba vya kupangisha.

Jirani yangu wa upande wa chini alikuwa Hajati, mjane mwenye umri wa mama yangu. Alikuwa akilima magimbi pembezoni mwa bonde na kusuka mikeka ya mafunjo. Nyumba yake ilikuwa imekaa pale miaka mingi kabla yangu, na maji hayakuwa yakiingia. Baada ya kifusi changu yalikosa mahali pa kutandawaa, yakatafuta njia, na njia ilipita mlangoni kwake. Katika masika ya 2017 alinitumia mjukuu akaniita. Nilikuta mstari wa tope ukutani, sawa na goti langu. Godoro lilikuwa limeegemezwa nje likitiririka maji. Daftari za mjukuu, darasa la tano, zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ya nguo, kila moja na kibanio chake, na wino umesambaa hata husomi kitu.

Hajati hakupaza sauti. Aliniuliza kama ningeweza kuacha mfereji upande wangu, hata mwembamba. Nikamjibu, "Hajati, mvua huleta Mungu. Mimi niko ndani ya mpaka wangu." Nikarudi Ntinda kwa bodaboda. Jina la Mungu nililitumia kufunga mlango mbele ya mjane, na nimeomba msamaha kwa hilo kuliko jambo jingine lolote maishani mwangu.

Aliendelea kunisalimia. Kila nilipokwenda kukusanya kodi alinisalimia kwanza yeye.

Mwaka 2019, nadhani ilikuwa mwezi wa sita, mhadhiri mmoja wa Makerere aliniletea kazi ya kuchapa na kujalidi. Alikuwa mama wa makamo, mteja wangu wa siku nyingi. Kulikuwa na mkutano wa maofisa wa wizara na wa jiji, naye alitaka kila mmoja apate kitabu chake asubuhi. Ndani yake kulikuwa na vitu vitatu: muhtasari wa ripoti ya dunia kuhusu bioanuwai, ripoti ya zamani kuhusu kinamasi cha Nakivubo, na kurasa za tasnifu moja ya mwaka 1999. Jioni ile mashine yangu ilikuwa mbovu, ikachanganya kurasa zote. Ikabidi nikae usiku nizipange kwa mkono juu ya sakafu. Na ukipanga kurasa ambazo namba zake zimefifia, huna budi kusoma mwisho wa ukurasa mmoja na mwanzo wa mwingine. Ndivyo nilivyosoma, kwa kulazimika, baada ya miaka kumi ya kuishi kwa karatasi za watu hawa.

Tasnifu ile ilikuwa ya Waganda wawili, Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, waliofanya kazi kati ya Makerere na vyuo vya Uholanzi. Walikuwa wamepima maji machafu ya Kampala yanavyoingia katika kinamasi cha Nakivubo na yanavyotoka upande wa pili. Walieleza kwamba mafunjo pale yanaelea juu ya mkeka wa mizizi yake yenyewe, maji machafu yanapita chini ya mkeka huo na kuigusa mizizi, na mizizi inanyonya naitrojeni na fosforasi, na vijidudu vya maradhi vinapungua kabla maji hayajafika ziwani. Walilinganisha mafunjo na nyasi nyingine za kinamasi wakakuta mafunjo yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Nilikaa chini pale sakafuni na ukurasa huo mkononi. Nilikuwa nimemlipa mtu ang'oe kitu hicho.

Ripoti ya Nakivubo nayo ilikuwa ya mwaka 1999, kazi ya mpango wa taifa wa ardhi oevu wa Uganda pamoja na IUCN, yaani Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili. Walikuwa wameuliza swali ambalo hata mfanyabiashara mdogo kama mimi analielewa: kinamasi hiki kikikauka, kazi kinayofanya bure tutailipia kiasi gani? Wakakadiria kwamba usafishaji wa maji peke yake una thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka. Wakati huo kulikuwa na mipango ya kukikausha kinamasi ili kijengwe. Baada ya hesabu ile, bonde likawekwa katika ukanda wa kijani wa jiji. Wachumi na wataalamu wa maji, Waganda na wageni, waliweka namba mbele ya watunga sera, na watunga sera wakabadili walichokuwa wamepanga. Mwalimu yule wa Makerere aliniambia baadaye kwamba hadithi ya Nakivubo inafundishwa katika nchi nyingi. Mimi nilikuwa sijaisikia, na niko mwendo wa nusu saa kutoka Nakivubo.

Na ule muhtasari wa dunia ulitoka katika jukwaa liitwalo IPBES, lililoundwa mwaka 2012 ili sayansi ya viumbe hai iwafikie wanaotunga sera. Ulisema kwamba spishi zipatazo milioni moja za mimea na wanyama zimo hatarini kutoweka. Waandishi wake wakuu walitoka nchi 50. Ulikuwa umepitishwa Paris mwezi uliotangulia, na namna ulivyopitishwa ilinigusa kuliko ile milioni: wajumbe wa serikali walikaa pamoja na wanasayansi wakaupitia mstari kwa mstari, na sentensi haikuingia mpaka wote wamekubaliana. Kwa hiyo hakuna serikali iliyokuwamo inayoweza kusema haikujua. Nilipofika hapo niliona aibu, kwa sababu mimi sikuwa serikali, lakini maneno hayo nilikuwa nayo dukani.

Sikubadilika usiku ule. Namwambia msomaji hivyo ili asikate tamaa kama naye amesoma, ameelewa, na bado yuko palepale. Kufika asubuhi nilikuwa nimeshapata majibu: Nakivubo si Kinawataka, kiwanja changu ni kidogo, wenye viwanda wamefukia ekari na ekari, nina mkopo. Mwalimu alipokuja kuchukua vitabu nilimuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini fedha za wageni zije kupima matope yetu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba ziwa ni la nchi tatu, mto unaotoka humo unafika Misri, na ndege wanaokula katika vinamasi vyetu wengine wamezaliwa Urusi. "Nchi moja ikipima peke yake inapata kipande tu," akasema. Kisha akaniuliza kama nina kiwanja popote. Nikasema sina.

Pamoja na uongo huo, akanialika. Mwezi wa Januari kuna zoezi la kuhesabu ndege wa majini, linaloendeshwa hapa na shirika la NatureUganda lenye ofisi zake Naguru, palepale nilipokulia. Watu wa kujitolea huenda pamoja na wataalamu. Januari ya 2020 nilikwenda Ghuba ya Lutembe, upande wa kwenda Entebbe.

Tulipanda mtumbwi kabla jua halijawaka. Mbele yetu kulikuwa na visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na juu yake wametua buabua, wale wenye mabawa meupe, wengi kiasi kwamba kisiwa kizima kilionekana cheupe. Ndege hawa huzaliana Ulaya ya mashariki na Asia, halafu hushuka kwetu kukimbia baridi. Nilidhani kuhesabu ni kukisia. Binti mwanafunzi aliyekuwa na darubini alinionyesha: unahesabu kumi, unaikamata ile kumi kwa jicho, unatafuta mia, ukishaijua mia unaipeleka juu ya kundi zima, halafu mwenzako anafanya vilevile bila kukusikia, na mnalinganisha. Waliporuka wote kwa pamoja alisubiri watue, akaanza upya. Alikuwa amelowa hadi magotini. Kalamu yake ilikuwa ya risasi, kwa sababu wino hufutika kwa maji, na hapo zikanijia daftari za mjukuu wa Hajati.

Nikamuuliza fomu ile inakwenda wapi. Akasema inakwenda Naguru, halafu inaungana na hesabu za nchi nyingine zilizohesabu Januari hiyohiyo, kisha huko Wetlands International, Uholanzi, zinajumlishwa. Chini ya Mkataba wa Ramsar, mahali panapokaa kwa kawaida asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani ya majini, au ndege wa majini 20,000 na zaidi, panaweza kutangazwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Bila kujumlisha hesabu za mataifa, hiyo asilimia 1 huwezi kuijua. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1988. Mwaka 2005 Kampala ilipokea mkutano mkuu wa nchi wanachama, wa kwanza kufanyika Afrika, na mwaka uliofuata Lutembe ikaingizwa katika orodha pamoja na Mabamba, kule kwenye korongo-nyangumi. Ulinzi wa kisheria wa mahali tulipokuwa tumekaa ulijengwa kwa vijikaratasi vya watu waliolowa magoti.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mwalimu habari ya kiwanja. Nilimwambia yote, na ya Hajati pia. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunihubiria. Akasema tu kwamba njia ya maji inaweza kufunguliwa, na kwamba yuko tayari kuja na mtu wa kupima mwinuko nikitaka. Sikumpigia simu. Mkopo ulikuwa bado, na nilikuwa naogopa.

Kisha ikaja masika ya 2020, pamoja na lile zuio la korona. Wapangaji wangu walikosa kazi, kodi ikakatika. Mvua haikuwa ya kawaida. Ziwa lilipanda mpaka Mei likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kuliko rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Maji ya juu yalikuwa yanashuka, ya chini hayana pa kwenda. Usiku mmoja yaliingia katika vyumba vyangu. Ukuta wa nyuma, uliosimama juu ya kifusi, ulipasuka kuanzia dirishani hadi msingini. Mimi nilikuwa Ntinda, hakuna usafiri, amri ya kutotoka nje inatekelezwa, na simu inaniambia kwamba kuna mpangaji mwenye kichanga cha majuma mawili amesimama majini.

Aliyewachukua ni Hajati. Kufikia hapo wanawe walikuwa wamemwinulia sakafu ya chumba kimoja kwa matofali, kwa sababu yangu. Katika chumba hicho kimoja aliwaingiza wapangaji wangu wote usiku ule, akampa mzazi kitanda chake, akawapikia uji wapangaji wa mtu aliyemwambia kwamba mvua huleta Mungu. Nilipofika siku ya pili kwa miguu nilimkuta anaanika nguo za kichanga.

Nilipiga magoti palepale kwenye tope. Huku kwetu mwanamke kupiga magoti mbele ya mkubwa ni adabu ya kila siku, lakini mimi siku hiyo sikuwa nasalimia. Nilisema, "Hajati, nimekukosea tangu siku ya kwanza." Akaniinua kwa kiwiko. "Nilikusamehe zamani, mwanangu. Sasa uondoe ule udongo."

Nimesoma vitabu vingi vya dini juu ya neema. Kwangu neema ilikuwa maneno hayo, na ilikuja pamoja na kazi.

Nilimpigia mwalimu. Alikuja na kijana mwenye kifaa cha kupimia mwinuko, wakatuonyesha palipokuwa mkondo wa zamani. Nilibomoa vyumba vya upande wa chini, nikabaki na viwili vya juu barabarani. Kuondoa udongo ni gharama kuliko kuuleta. Hakuna anayekwambia hilo wakati wa kununua. Benki ilinipa muda zaidi, nikauza mashine moja ya duka, kaka yangu akanikopesha. Ulikuwa mzigo mzito, na kuna usiku nilijuta kwamba nilisoma zile kurasa. Vijana wa mtaa walichimba. Hajati ndiye aliyetuonyesha jinsi ya kupanda: huchukui bua, unachukua kipande cha shina lile nene linalolala chini ya tope, lenye jicho, unalilaza mahali penye maji na kulifunika kidogo. Yale mafunjo ambayo nilishindwa kuyaua yalirudi hata pale ambapo hatukupanda. Mwaka haukwisha yalikuwa yamenipita kimo. Masika yaliyofuata maji yaliingia mlangoni kwa Hajati mara moja, yakaishia kwenye kizingiti.

Kinawataka haijapona. Wenye malori bado wanamwaga usiku. Hesabu za serikali zinaonyesha kwamba ardhi oevu ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, na kufikia 2019 ilikuwa imebaki karibu asilimia 8.9. Nakivubo yenyewe, pamoja na hesabu yake mashuhuri na ukanda wake wa kijani, imeliwa sehemu kubwa. Maji ya ghuba yamechafuka hadi ikabidi kujenga mtambo mpya Katosi, Mukono, mbali na uchafu wetu, kwa mikopo na misaada kutoka Ulaya. Kazi ambayo mizizi ilikuwa inaifanya bure sasa tunailipia, na watoto wetu wataendelea kuilipia.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sayansi ikishaandika, sera ikishapitishwa, mambo yamekwisha. Desemba 2022 mataifa yalikubaliana Montreal kwamba kufikia 2030 asilimia 30 ya nchi kavu, maji ya bara na bahari ihifadhiwe. Nimelisoma lote andiko la makubaliano hayo, malengo 23. Nalipenda. Lakini nikiangalia yaliyotokea Lubigi mwaka 2024, watu kubomolewa nyumba ili kinamasi kirudi, najiuliza nani aliwaletea watu wale habari ya mafunjo kabla hajaja mwenye tingatinga. Walio wengi walinunua kama nilivyonunua, kwa dalali na muhuri. Mimi nilipata mwalimu, mtumbwi, mjane na muda. Sikustahili hata kimoja, na wao walistahili angalau kuambiwa mapema. Hili naliona ni deni la wanasayansi, la serikali, na letu sisi tunaokaa katikati na karatasi mikononi.

Ninachofanya sasa ni kidogo. Mtafiti akija dukani nimtolee kopi, namwomba ruhusa nibaki na ukurasa mmoja, ule unaosema alichokikuta. Nauandika upya kwa Kiswahili na kwa Kiganda chepesi. Katibu wa uzalishaji na mazingira wa LC, yaani baraza la mtaa, ya Hajati anaupeleka kwenye kikao, anausoma, watu wanabishana. Wapo waliokasirika wakatoka. Mzee mmoja aliyekuwa ameshaagiza lori la udongo aliahirisha, akaja kuniuliza maswali, akaja tena. Bado hajaamua. Namwombea.

Kama umenunua mahali penye mafunjo na hujamwaga udongo, usimwage. Kama umeshamwaga, tembea hadi kwa jirani yako wa upande wa chini, ukaone ukutani kwake maji yamefika wapi. Halafu njoo Ntinda, uulize duka la fotokopi karibu na barabara ya Kimera. Kurasa za Kansiime na Nalubega ninazo, za Nakivubo ninazo, na namba ya simu ya kijana wa kupima mwinuko ninayo. Nakala hizo sitozi.